Nebbiolo ina sukari ya kutosha, mbona hatuvuni?

SWALI: Nafanya kazi kwenye shamba la mizabibu karibu na Alba, Italia. Mwishoni mwa Septemba kipima sukari kilisoma Brix 23 kwenye zabibu nyekundu za Nebbiolo. Majirani wanavuna Barbera, aina nyingine ya zabibu, lakini bosi anasema tusubiri. Kwa nini? Na mbona divai ya Nebbiolo ni nyepesi kwa rangi ilhali inakausha kinywa?

JIBU: Ndugu, bosi wako yuko sahihi. Kipima sukari kinakueleza kiasi cha pombe utakachopata, basi. Nebbiolo huchipua mapema na kuiva mwisho, mara nyingi katikati ya Oktoba au baadaye, na sukari hutangulia maganda na mbegu.

Kesho asubuhi chuma punje chache kutoka vishada vya juu na vya chini, upande wa jua na wa kivuli. Tema mbegu kiganjani. Zikiwa bado na ukijani na zinanata nyama ya tunda, rudi baada ya siku nne. Zinatakiwa ziwe za kahawia, zivunjike kwa meno bila uchungu mkali. Tafuna na ganda peke yake. Mimi huamini ulimi kuliko namba hapa, ingawa mvua ndefu ya Oktoba ikikaribia na vishada vimeanza kuoza, vuneni.

Kwa sababu ya kuchelewa huko, Nebbiolo hupewa miteremko bora inayotazama kusini. Kanuni za Barolo, divai inayotengenezwa kwa Nebbiolo, zinakataza kabisa ile ya kaskazini. Bondeni haifai: hewa baridi hutuama huko, na machipukizi ya mapema huungua kwa jalidi.

Kuhusu rangi: chembe nyingi za rangi za Nebbiolo ni za aina inayoharibika upesi ikikutana na hewa, kwa hiyo divai huelekea rangi ya tofali mapema. Tanini, yaani vitu vya kwenye maganda na mbegu vinavyokausha kinywa, nazo ni nyingi, na tindikali iko juu. Ndiyo maana Barolo hulazimika kukaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao.

Mkifika kwenye kuchachusha, koroga maganda vizuri siku za mwanzo, rangi itoke. Siku za mwisho punguza mkono, maana pombe ikishapanda ndiyo huchomoa tanini kali za mbegu.