Maswali ya jikoni: tambi za kuku za Kichina kwenye mbabula

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza sahani ileile: tambi zilizokaangwa na kuku na mboga, kama zinavyotoka jikoni kwa Wachina. Tumechukua zile zinazogusa matatizo ya wengi. Tukisema kijiko cha supu tunamaanisha mililita 15, na kijiko cha kahawa ni mililita 5. Vipimo vyote ni vya watu wanne, isipokuwa pale tutakaposema vingine.

Tambi zangu zinashikamana sawa bugali. Nachemsha, natia ndani ya karai pamoja na kuku na mboga, nakoroga, mwishowe inakuwa bonge moja. Shida ni aina ya tambi? — Mama wa watoto wane, Himbi, Goma

Hapana, mama. Hata spageti ya kawaida ya dukani inafaa. Zako zimeiva kupita kiasi, halafu zimeingia karaini zikiwa bado na maji.

Chukua gramu 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pakiti ya gramu 500, na maji lita 3 yanayochemka kwelikweli. Usizihesabu sana dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95, si 100, kwa hiyo tambi hukawia dakika moja au mbili zaidi. Onja. Ng'ata uzi mmoja uutazame katikati: ukiona kidoa cheupe chembamba kama ncha ya sindano, epua papo hapo. Zitamalizikia karaini.

Mwaga maji, kisha zisuuze kwa maji baridi huku ukizichambua kwa vidole mpaka ule utelezi uishe. Utelezi huo ni wanga, na ndiyo gundi yako. Zikung'ute, zitie kijiko kimoja cha supu cha mafuta, zitandaze kwenye sinia pana ziachwe nusu saa. Ukizigusa, kidole kitoke na mafuta, si maji. Wengi hukosea hapa: huziacha zimerundikana ndani ya chujio, za chini zikaendelea kuloa maji ya zile za juu.

Ukitaka spageti ikaribie tambi za Kichina, tia bikarbonati, ileile mnayolainishia maharagwe, kijiko kimoja cha kahawa kwa kila lita ya maji. Itageuka kuwa ya manjano kidogo na kuvutika ukiitafuna, kwa sababu tambi nyingi za Kichina hukandwa kwa maji ya aina hiyo ya magadi. Sufuria isizidi nusu, maana povu hupanda ghafla likazima makala. Na usipozisuuza vizuri, zitaacha ladha ya sabuni mdomoni.

Napika kwa makala. Rafiki yangu ananiambia bila gesi na lile karai la Wachina siwezi kupata ile ladha. Ni kweli? — Dada wa Birere, Goma

Rafiki yako amekosea, dada. Mbabula iliyowashwa vizuri ina moto mkali kuliko majiko mengi ya umeme ya nyumbani, na karai la chuma lenye tako la mviringo linakaa juu yake kama yai kwenye kiota. Taabu ya makala ni kwamba hayana kifungo cha kupunguza moto. Kifungo ni mkono wako: ukiona moto umezidi, nyanyua karai, usikimbilie kumwaga maji.

Jaza makala hadi karibu na ukingo, ili tako la karai liwe juu yake kwa sentimita 3 au 4 tu. Subiri yote yawe mekundu yenye jivu jembamba juu. Makala meusi yaliyochanganyika na mekundu hutoa moshi, na moto wake unapanda na kushuka. Pikia nje au barazani. Mvua ikikufukuza, usiingie na mbabula ukafunga mlango: hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina harufu, na inaua.

Karai liwe la chuma. Kikaango chenye utando mweusi wa kuzuia kunata kiache, moto huu unauchoma. Sufuria pana ya alumini inaweza kukusaidia, ila nyama itaganda kidogo chini.

Kabla hujaweka karai motoni, kila kitu kiwe kimekatwa na kimepangwa karibu nawe, kwa sababu kupika kwenyewe hakufiki dakika kumi. Katika bakuli changanya sosi ya soya vijiko 3 vya supu, maji au supu ya kuku vijiko 4, sukari kijiko 1 cha kahawa, maizena kijiko 1 cha kahawa, na pilipili manga nusu kijiko cha kahawa.

Sasa pasha karai tupu. Dondosha tone la maji: likitulia na kuchemka polepole, bado, likirukaruka na kukauka mara moja, tia mafuta vijiko 2 vya supu uyazungushe ukutani. Weka nusu ya kuku, gramu 200 tu, uitandaze. Usiiguse kwa sekunde 40, iache ishike rangi, kisha igeuzegeuze dakika mbili. Kata kipande kimoja kikubwa: ndani pawe peupe, pasiwe na wekundu wa waridi. Toa, rudia na nusu iliyobaki. Ukitia gramu 400 kwa pamoja, chuma kinapoa, nyama inatoa maji, na kuanzia hapo unachemsha, hukaangi tena. Utaisikia kwa masikio kabla hujaiona: ule mlio mkali wa tsss unafifia na kuwa mtokoto.

Ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Tia kitunguu na karoti, dakika moja. Kisha kabichi na puavro, yaani pilipili hoho, dakika moja na nusu. Sogeza mboga pembeni, na pale katikati tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, sekunde 20. Wengi huanza na kitunguu saumu. Kwa moto wa namna hii kinaungua na kuwa kichungu kabla karoti haijaanza kuiva. Rudisha kuku, tia tambi, zinyanyue na kuzigeuza kwa vijiko viwili vya mti, usizikoroge kama sombe. Koroga bakuli la sosi, kwa sababu maizena imeshatuama chini, kisha uimimine ukutani mwa karai, si juu ya tambi. Soya inayogusa chuma cha moto hutoa ile harufu unayoitafuta. Dakika moja, nyunyiza majani ya kitunguu kibichi, epua.

Nyama ya kuku inakuwa kavu na ngumu kama kamba. Kwa Wachina ni laini sana. Wanatumia dawa gani? — Msomaji wa Kadutu, Bukavu

Hakuna dawa. Kwanza tuulizane ni kuku gani. Kuku wa nyama wa wiki sita au saba, au mapaja ya barafu, yanafaa kwa kukaangwa haraka. Paja ni bora kuliko kidari kwa sababu lina mafuta kidogo na halikauki upesi. Mapaja ya barafu yayeyushe ndani ya maji baridi yakiwa bado kwenye mfuko wake, si juani, halafu yafute kwa kitambaa safi.

Ondoa mfupa, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, ukikata kwa kukingama na nyuzi za nyama. Nyuzi ndefu ndizo zinazokufanya utafune kama kamba. Nyama iliyoganda nusunusu hukatika vizuri zaidi.

Kwa gramu 400 za vipande tia soya kijiko 1 cha supu, maji vijiko 2 vya supu, na maizena vijiko 2 vya kahawa. Kanda kwa mkono mpaka maji yote yanywewe na nyama, chini ya bakuli pasibaki kitu. Hapo ndipo utie mafuta kijiko 1 cha supu, ili vipande visigandane. Acha dakika 20. Chumvi ya soya inaisaidia nyama kushika maji, na maizena inaifunika kama koti jembamba, maji hayo yasikimbie motoni. Kama nyama ni ngumu kidogo, ongeza bikarbonati robo ya kijiko cha kahawa, si zaidi, na usipitishe nusu saa. Ukizidisha, nyama inateleza kama samaki aliyeoza na ladha inaharibika.

Lakini kuku wa kienyeji aliyetembea kilima kizima, au yule wa mayai aliyestaafu, usimlazimishe. Hatalainika kwa dakika tatu hata umfanyie nini. Mchemshe saa moja hadi saa moja na nusu na kitunguu na tangawizi, chambua nyama kwa mkono, uitie mwishoni pamoja na tambi. Supu yake weka ndani ya ile sosi badala ya maji. Huyo ana utamu ambao kuku wa barafu hana, na kwa maoni yetu sahani inapata zaidi kuliko inavyopoteza.

Sikupata maizena, nikatia unga wa mahindi wa bugali. Ikawa uji wenye mchanga. Si ni mahindi yaleyale? — Msomaji wa Ndosho, Goma

Ni mahindi yaleyale, si kitu kilekile. Maizena ni wanga mtupu. Unga wa bugali ni punje iliyosagwa na vyote vilivyomo, na unahitaji kupikwa muda mrefu. Unga wa muhogo nao usiutie, harufu yake itaifunika soya.

Goma viazi havikosekani, basi jitengenezee wanga. Kwaruza kilo moja ya viazi, vitie katika maji lita moja, koroga, kamua kwa kitambaa. Yale maji yaache nusu saa bila kuyagusa. Mwaga polepole: chini utakuta tabaka jeupe, gumu kama chokaa iliyolowa. Huo ndio wanga. Utumie mbichi hivyohivyo siku hiyo, au uanike uhifadhi. Viazi vilivyokwaruzwa vitengenezee chapati za kukaanga.

Kila mara inakuwa na chumvi kali na rangi nyeusi, na soya natia kidogo tu. — Dada wa Ibanda, Bukavu

Tazama chupa, dada. Kuna soya nyepesi, majimaji, ya chumvi. Na kuna soya nzito, nyeusi, ambayo ni ya kutia rangi. Ya pili inatosha kijiko kimoja cha kahawa. Halafu tunashuku umetia na kubu. Kubu ni chumvi kwa sehemu kubwa, na vijiko vinne vya soya vilivyomo katika sahani hii vinaleta karibu gramu 9 za chumvi. Kubu haina nafasi hapo, wala chumvi ya ziada kwenye kuku. Ikishazidi, usitie maji: ongeza tambi zisizo na chumvi na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, geuza dakika moja.

Mboga zinatoa maji mengi chini ya karai. Pia, naweza kutia lengalenga? — Mama wa Katindo, Goma

Ulizikata muda huohuo ulipoziosha. Zioshe asubuhi, zikauke kwenye ungo. Karoti 2 zikatwe kama njiti za kiberiti, kabichi robo iwe mistari ya upana wa kidole, puavro moja itolewe mbegu na ile nyama nyeupe ya ndani. Nyanya usitie kabisa, ingawa mkono utawasha. Hapo utapata spageti ya mchuzi, ambayo ni tamu, ila si hii.

Lengalenga ndiyo, na si uzushi: Wachina nao huikaanga na kitunguu saumu. Tumia majani machanga, konzi mbili, uyatie baada ya sosi, sekunde 30. Ile aina yenye majani mekundu itapaka tambi rangi ya waridi.

Nina wageni 40 wa ubatizo. Naweza kupika yote katika sufuria moja kubwa? — Ndugu wa Majengo, Goma

Usijaribu. Nunua tambi kavu kilo 3 na nyama isiyo na mfupa kilo 4. Kuku mzima hutoa takriban nusu ya uzito wake, kwa hiyo piga hesabu ya kilo 8. Tambi zichemshwe na kutandazwa asubuhi. Kaanga kwa mikupuo ya watu wanne wanne, mbabula mbili, wapishi wawili: kila mmoja mikupuo mitano, inatimia chini ya saa moja. Kuku mbichi akae kwenye sanduku la barafu, utoe wa mkupuo mmoja mmoja. Sosi nayo ipimwe kwa mikupuo, katika vikombe kumi. Ukiichanganya yote katika ndoo, wa mwisho watakula maizena yote iliyotuama.

Vilivyokwisha pikwa viweke ndani ya sufuria pana, na kati yake na kifuniko tandaza kitambaa kikavu, la sivyo mvuke utazidondokea tambi. Vikipita saa mbili nje ya moto na nje ya friji, msiwafungie wageni wabebe nyumbani.

Zile tambi za dakika tatu, Indomie na kadhalika, zinafaa? — Mwanafunzi, Bukavu

Zinafaa, ndugu. Zimeshaivishwa kiwandani kwa mvuke, na nyingi zikakaangwa kwa mafuta. Ziloweshe katika maji ya moto dakika moja na nusu, mwaga, suuza, kausha kama spageti. Kale kapakiti ka unga wa ladha tia nusu tu, na soya ipunguze iwe kijiko kimoja.