Kufundisha mwani mwekundu ukiwa mbali na bahari

Nafundisha baiolojia S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita) hapa Arua, Uganda, na mada ya mwani mwekundu huwatesa wanafunzi kuliko inavyostahili. Jina wanalo, Rhodophyta, na wekundu wanaujua, basi. Ushauri wangu kwako mwalimu mwenzangu: rangi iweke mwisho.

Jirani anayefuga ngege aliniita mchana mmoja nione bwawa lake limegeuka jekundu juu, kama limemwagiwa rangi ya mlango. Asubuhi, alisema, lilikuwa la kijani. Tukatia tone chini ya hadubini ya shule: vijidudu vinaogelea, kila kimoja kinapunga flajela yake, ule mkia wa kuogelea. Hapo mwani mwekundu ukatoka kwenye orodha, maana wenyewe hauna flajela katika hatua yoyote ya maisha. Hata seli zake za kiume hazina, hubebwa na maji tu. Ile ilikuwa Euglena, kiumbe cha seli moja, ambayo jua likiwa kali husambaza chembe zake nyekundu.

Kinyume chake, Kappaphycus wanaolima kina mama wa Zanzibar una aina za kijani na za kahawia, na bado ni mwani mwekundu halisi. Hata vijito safi vyenye kivuli vina wake, Batrachospermum, nyuzi zenye utelezi ambazo mara nyingi ni za kijani kilichofifia.

Mtu akienda Zanzibar, muagize mwani mkavu, ule usiopauka sana. Uoshe chumvi na mchanga, uloweke, kisha uchemshe wanafunzi wakiwa wanatazama. Wekundu unatoweka na ukijani unajitokeza: fikoerithrini, ile rangi nyekundu, ni protini, moto unaiharibu, klorofili iliyokuwa imefichwa inabaki. Fikoerithrini hunasa mwanga wa buluu na kijani unaofika kina kirefu. Huko Bahamas mwani mwekundu umekutwa mita 268 chini. Ukiendelea kuchemsha, maji yanakuwa mazito. Hiyo ni karajinani, kiambato kinachoandikwa E407 kwenye pakiti za aisikrimu.

Wanga wake nao ni mtego wa mtihani. Hauhifadhiwi ndani ya kloroplasti bali nje, kwenye saitoplazimu, na ukitiwa iodini hutoa wekundu wa kahawia, si ule weusi wa buluu waliouzoea kwenye muhogo.

Uainishaji usiwe wa kukariri. Spishi zimepita 7,000, ngeli (class) zinazokubalika na wengi ni 7, na spishi nyingi mno zimo katika moja, Florideophyceae. Kinachofaa kueleweka ni undugu: kloroplasti yenye tando mbili, iliyotokana na sainobakteria (bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga) aliyemezwa zamani, inauweka mwani huu karibu na mwani wa kijani na mimea. Ule utando wa kijani unaoelea Ziwa Victoria ni sainobakteria, na una rangi za ukoo mmoja na fikoerithrini.

Mzunguko wa maisha wenye awamu tatu ndio unaochosha. Mimi huanza na Kathleen Drew-Baker, mtaalamu Mwingereza wa mwani, aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba Conchocelis, kiumbe kidogo cha ndani ya makombe kilichodhaniwa ni spishi nyingine, ni hatua tu ya Porphyra, mwani mwekundu. Wajapani wakapata njia ya kuotesha nori, mwani wao wa kula, kwa uhakika. Baada ya hapo mchoro unasomeka.

Na kama mwani haukupatikana, omba agari kidogo, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwa fundi wa maabara ya hospitali. Inatoka kwa Gelidium na Gracilaria. Inayeyuka karibu na nyuzi 85 na haigandi tena mpaka ishuke chini ya 40, kwa hiyo andaa sahani kabla hujaanza kueleza.