Mwalimu hafundishi na KCSE inakuja: sisi tulivyotoka

Mdogo wangu wa Nakuru, umeuliza hivi: uko fomu 3, mwalimu wa Fizikia akiingia anafungua kitabu anawasomea kama matangazo ya vifo redioni, mnaandika, kengele inalia anaenda, na mkiuliza swali anasema "hiyo mtajisomea". Sasa unataka kujua umripoti, uhame shule ama uachane na Fizikia kabisa. Naona karibu wote wamekwambia ripoti. Mimi nitakwambia venye sisi tuliripoti na kilichotupata, halafu nikwambie kitu ilitusaidia, juu hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa.

Mimi ni wa Nyalenda, Kisumu, lakini sekondari nilisomea bodingi moja upande wa Vihiga, kule kwa mawe makubwa ukipanda kwenda Kakamega, jina tuliache. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilifanya 2018. Fomu 3 nilikuwa 2017, ule mwaka Kenya ilienda kwa kura mara mbili, Agosti halafu Oktoba, na kama ulikuwa Kisumu hiyo miezi unajua hakuna mtu alikuwa anafikiria vitabu. Na ukiangalia silabasi ya Kemia, fomu 3 ndio mwaka wenyewe, sheria za gesi, moli, ogani ya kwanza, naitrojeni, salfa, klorini, yote imerundikwa hapo, ukipoteza huo mwaka fomu 4 unajengea hewani.

Mwalimu wetu wa Kemia tulimuita Mgongo, kwa sababu ndio kitu tulikuwa tunaona. Alikuwa anakuja na makaratasi yamegeuka manjano, anaanza kona ya juu ya ubao mkono wa kushoto, anashuka mpaka chini, anafuta, anaanza tena, hageuki. Na hiyo ni siku amekuja. Alikuwa na hadwea sokoni na kila mtu alijua siku ya simiti kuletwa hakuna Kemia. Sasa kuna ile rejista ya vipindi, prifekti anaandika mwalimu ameingia saa ngapi ametoka saa ngapi, mwalimu anasaini. Mgongo alikuwa anasaini ya wiki nzima Ijumaa jioni, amesimama kando ya pikipiki yake, helmeti iko kichwani tayari, prifekti wetu amemshikia kitabu kama mtu wa kuhudumia mgeni.

Muhula wa pili tukachoka. Tukakaa watu kama sita kwa domu tukaandika barua kwa mkuu wa shule, ndefu, tamu, imejaa hasira, "hatufundishwi", "anatudharau", "maisha yetu yanaharibika", na mwandiko ulikuwa wangu kwa sababu ati ndio ulikuwa unasomeka. Barua iliishia kwa depyuti, naibu wa mkuu, haikumfikia mkuu. Depyuti akamuita Mgongo akampatia asome mwenyewe, na mtu ambaye amesahihisha makaratasi yako miaka miwili na nusu hahitaji polisi kumwambia huu mwandiko ni wa nani.

Kesho yake Mgongo alikuja mapema kuliko siku yoyote ile. Akavuta kiti akaketi, akatuangalia. Akasema, "Si mlisema sifundishi? Basi leo nimekuja. Fundisheni." Halafu akanyamaza. Dakika 40. Unaskia tu kuku wa jikoni huko nje. Alifanya hivyo wiki mbili, na rejista inaonyesha ameingia kila kipindi, kwa hivyo kwa karatasi alikuwa mwalimu bora shuleni. Prifekti wetu akatolewa cheo, mimi nikachimba mtaro wa nyuma ya choo Jumamosi mbili.

Sisemi usiripoti. Nasema sisi tuliripoti vibaya. Barua ya wanafunzi yenye maneno makali ni kitu rahisi sana kuitupa, inaitwa utovu wa nidhamu na kesi imekwisha. Mzazi akisimama siku ya wazazi na kuuliza kwa upole, "Mwalimu, hii daftari ya mtoto wangu Fizikia iko na kurasa nne tangu shule zifunguliwe, mmefika wapi kwa silabasi?", hapo hakuna wa kuchimbishwa mtaro. Wazazi watatu wakiuliza hivyo hivyo ni bora zaidi. Daftari ikiwa na tarehe inaongea kuliko wewe. Na hapa naongea juu ya mwalimu mvivu ama mwenye hajui kufundisha, si yule anagusa wanafunzi ama anataka "mkutane" ndio akusaidie na alama. Huyo hakuna kuvumilia hata siku moja, ambia mtu mzima unayemwamini na upige 116, laini ya kusaidia watoto, ni bure.

Haya, sasa kitu ilitusaidia.

Mwanzo tulidhani dawa ni notsi. Stirimu ya Mashariki, wenzetu wa fomu yetu lakini darasa lingine, walikuwa wanafundishwa na madam mmoja mkali na mzuri, so nikawa nakopa daftari ya rafiki yangu Jumamosi baada ya usafi nairudisha Jumapili kabla ya prepu, yale masomo ya usiku. Nikanakili wiki tatu, kalamu mbili ziliisha, nikaenda kwa jaribio nikapata 19. Ndio nikaelewa kwamba nimekuwa Mgongo wangu mwenyewe, nahamisha maandishi kutoka hapa naweka pale. (Notsi za kukopa zina shida nyingine pia, mwenye kuandika anaacha kile anachokijua tayari, na hicho ndicho wewe hukijui.)

Kilichogeuza mambo ni usiku mmoja tulishindana juu ya moli, kile kipimo cha Kemia. Tulikuwa wanne nyuma ya darasa, prepu imeisha, taa inazimwa saa nne na nusu. Mmoja wetu mamake anauza nafaka Luanda, akasema moli ni rahisi, ni kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, gorogoro ya mahindi na gorogoro ya njugu haziwezi kuwa na uzani sawa lakini zote ni gorogoro moja. Tukaona ameweza. Halafu mwingine, kijana mpole hata hakuwa anaongea sana, akasema hapana, gorogoro inapima nafasi, mahindi ikiwa ndogo zinaingia nyingi, ikiwa kubwa zinaingia chache, na moli si nafasi, ni hesabu ya vitu. Tukagombana. Si mchezo, watu walisimama. Mpaka huyo mpole akasema trei ya mayai. Unakumbuka ile wazimu ya kware, aluru kwa Kijaluo, ya 2013 na 2014, kila mtu Nyanza na Magharibi anafuga aluru ati yai moja litamjengea nyumba? Kwao walikuwa wamebaki na trei za hiyo biashara. Akasema chukua mayai 30 ya kuku, chukua mayai 30 ya aluru, idadi ni ile ile lakini weka kwa mizani uone. Kaboni trei moja ni gramu 12, magnesiamu trei moja ni gramu 24, trei ni ile ile. Isipokuwa hii trei ya kemia inabeba mayai 6.022 × 10²³.

Wacha nikwambie, hiyo hesabu nilikuwa nimeiandika kwa daftari mara kama tano na sikuwa nimewahi kuiona. Taa ikazimwa tukiwa bado tunapiga hesabu ya trei kwa giza kwa midomo. Na kitu ilinifunza si ile ya aluru ilikuwa sahihi, ni ile ya gorogoro ilikuwa na makosa na ilibidi tujue kosa liko wapi.

Kutoka hapo tukabadilisha diskasheni. Mnajua zile za watu wanane wamezunguka mmoja anasoma kwa sauti wengine wanakula sukari guru? Hapana. Watu wanne tu, kila mtu anapewa topiki wiki nzima kabla, anakuja kufundisha bila kitabu, na kazi ya wengine ni kumkamata. Ukikamatwa unarudia kesho. Ilikuwa aibu sana na ilifanya kazi sana.

Lakini sisi wenyewe tulikuwa vipofu mahali pamoja, hakuna wa kutuambia tumekosea wapi wakati sisi wote tumekosea pamoja. Hapo ndio Mgongo alirudi kwa hadithi, na hii ndio sehemu nataka usome polepole.

Tulikuwa tumefanya taitresheni, ile praktiko ya kudondosha asidi kwa bureti mpaka rangi ibadilike, mtu wa labu alitusaidia na vifaa, nikajaza jedwali langu, majibu yanakataa kukubaliana na ya wenzangu. Madam wa Mashariki alikuwa ameenda. Pale stafurumu alikuwa Mgongo peke yake anasoma gazeti. Nikasema liwe liwalo, nikamwekea karatasi mbele, sikumuuliza anifundishe, nikamwambia tu, "Mwalimu, nimepata hii na naona iko na makosa lakini sijui ni wapi." Hata hakuinua kichwa vizuri. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, sekunde tano, duara. "Desimali. Hapa umeandika 24.3, hapa 24.25, hapa 24. Bureti inasomwa vipi? Ukitumia mbili, tumia mbili kote, na ya mwisho ni sifuri ama tano. Hiyo ni alama moja umetupa." Duara lingine. "Umetafuta wastani wa tatu na moja iko mbali na wenzake. Hiyo ingine." Akaendelea hivyo mpaka chini. Lile jedwali dogo pekee lina alama 5 na nilikuwa nimepata moja.

Kumbe jamaa alikuwa amesahihisha KCSE miaka mingi. Alijua kila kitu. Kufundisha ndio alikuwa amechoka nako, ama hakuwahi kukuweza, sijui, lakini kumpa kazi mbovu asahihishe ilikuwa kama kumpa fundi redio imeharibika, mkono unaenda wenyewe. Tangu siku hiyo hatukumwendea tena na "mwalimu sielewi". "Sielewi" inamwambia asimame aanze kufundisha, na hiyo hataki. Tulimwendea na kazi imekamilika, na makosa yake ndani, saa nne ya chai, mtu mmoja mmoja, karatasi moja moja. Barua yenyewe hakuwahi kuitaja, mimi pia sikuitaja.

Mwalimu wa Hesabu alikuwa kinyume, kijana wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule si serikali, ametoka chuo juzi, roho safi lakini anakimbia kama amefuatwa na nyuki, na pesa yake ilikuwa inachelewa miezi. Huyo dawa yake ilikuwa kukaa mbele na kuinua mkono kwa hatua moja, "mwalimu hapo kutoka mstari wa pili hadi wa tatu", si "rudia yote". Alikuwa anafurahi hata.

Sasa wewe na Fizikia. Kuiacha inawezekana kama uko na Biolojia na Kemia, KCSE inataka sayansi mbili, lakini kama uinjinia iko hata kwa ndoto usithubutu. Kuhama sioni ikikusaidia, utafika shule mpya katikati ya mwaka na labda ukutane na wa aina hiyo hiyo huko. Na kurudia darasa usiwaze, nyinyi ndio kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani, KCSE yenu ni ya 2027, nyuma yenu hakuna fomu 2, kuna Gredi 10 ya mtaala mpya na masomo yao ni mengine.

Anza na Pepa 3 ya Fizikia, ile ya vitendo. Praktiko ni alama 40 kwa 200 na ndio mahali mwalimu mbovu hawezi kukuumiza sana kama kwingine, kwa sababu inajirudia: jedwali, grafu, mteremko. Tafuta pepa za zamani na makingi skimu zake (miongozo ya kusahihisha), likizo ikifika ingia laibrari ya umma hapo Nakuru ukae nazo, uone vile alama zinagawanywa, kuandika yuniti kwa mhimili, skeli isiyo ya ajabu, nukta zimewekwa sawa, mstari haujapindishwa kwa mkono. Halafu Pepa 1, mekaniki na joto, hapo kitabu cha KLB kinajieleza vizuri kiasi, ukiwa na watu wa kukukamata. Umeme na mawimbi ya Pepa 2 ndio yatawasumbua, msiyaache hadi fomu 4.

Mimi nilitoka na B- ya Kemia kutoka D ya fomu 3, si A, nisikudanganye. Wa aluru alipata A- na sasa ni mfamasia.

Kwa hivyo wiki hii chora grafu moja, ifanye yote mpaka mwisho hata kama unajua imeharibika, mpelekee huyo msoma matangazo wako wakati wa chai akiwa peke yake, useme umekosea lakini hujui wapi. Uje utuambie kama ametoa kalamu.