Maswali na Majibu: Kuhesabu Mfululizo Ndani ya Jedwali

Barua za safari hii zinatoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja: kitu fulani kimejirudia mara ngapi mfululizo, kwa kila mtu au kila kituo peke yake? Nimeona nizijibu pamoja. Nyuma ya hesabu hizi kuna mtoto aliyeacha kuja shule na mahindi yanayonyauka shambani, na jumla ya kawaida haiwaonyeshi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa, Kiboriloni, Moshi. Mahudhurio nimeyaingiza kwenye Excel: safu A ni namba ya mwanafunzi, B tarehe, C nimeandika "yupo" au "hayupo". COUNTIFS inanipa jumla ya siku ambazo mtoto hakuja, lakini mimi namtafuta aliyekosa siku tatu mfululizo. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. COUNTIFS haijali nini kimetangulia na nini kimefuata. Mtoto aliyekosa kila Jumatatu kwa wiki tano na mtoto aliyepotea wiki nzima, wote inawapa 5. Wa kwanza huenda anamsaidia mama yake siku ya gulio. Wa pili anatakiwa aulizwe nyumbani leo hii.

Anza kwa kupanga jedwali: kwa namba ya mwanafunzi, kisha ndani ya kila mwanafunzi kwa tarehe. Usiiruke hatua hii, maana hesabu yote inautegemea mstari wa juu. Halafu kwenye D2 andika:

=IF(AND(A2=A1,C2=C1),D1+1,1)

Ishushe mpaka mwisho wa jedwali. Inachosema ni hiki: kama mwanafunzi ni yule yule wa mstari wa juu, na hali yake ni ile ile, ongeza moja, kimojawapo kikibadilika, anza upya na 1.

Tumchukue mwanafunzi 014. Jumatatu yupo, D inaandika 1. Jumanne hayupo, 1. Jumatano hayupo, 2. Alhamisi hayupo, 3. Ijumaa karudi, 1. Mstari unaofuata ni wa mwanafunzi 015, Jumatatu, yupo. Hapo ndipo wengi wanapokwama: "yupo" wa 015 amekaa chini ya "yupo" wa 014, na bila kile kipande cha A2=A1 angeandikiwa 2, amerithi siku ya mwenzake. Sharti la kundi ndilo linalozuia kosa hilo.

Sasa kuwapata watoto wenyewe. Chuja C ibaki "hayupo" na D ibaki 3. Nasema 3 tu, si "3 na kuendelea", kwa sababu kila utoro uliofika siku tatu hupita kwenye 3 mara moja tu, hata kama uliendelea mpaka siku kumi. Kwa hiyo =COUNTIFS(C:C,"hayupo",D:D,3) inakupa idadi ya matukio, bila kurudia tukio moja. Ukitaka utoro mrefu kuliko wote wa mtoto mmoja, weka namba yake F2 na uandike =MAXIFS(D:D,A:A,F2,C:C,"hayupo"). MAXIFS ipo kuanzia Excel 2019. Kwenye matoleo ya zamani tumia PivotTable (jedwali la muhtasari), uchague Max badala ya Sum.

Wikiendi isikusumbue. Kama jedwali lina siku za masomo tu, Ijumaa na Jumatatu zinafuatana, na kwa shule hiyo ndiyo hesabu sahihi.

Swali: Tuna vipimamvua kwenye mashamba kadhaa upande wa Usa River. Nataka kujua kila shamba limekaa siku ngapi mfululizo bila mvua wakati wa masika. Shida ni kwamba siku nyingine hakuna aliyekwenda kusoma kipimo. Nijaze sifuri?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, usijaze sifuri. Sifuri ni habari: mtu alikwenda, akaangalia, akakuta hakuna maji. Siku ambayo haikusomwa haina habari yoyote. Ukiifanya kavu unaweza kutengeneza ukame ambao haukuwepo, na mtu akapanda mbegu upya bure.

Amua kwanza siku kavu ni ipi. Katika vipimo vya kimataifa vya hali ya hewa, siku huhesabiwa kavu mvua ikiwa chini ya milimita 1, kwa hiyo manyunyu ya milimita 0.4 hayakati mfululizo. Ukiwa na shamba safu A, tarehe B, na milimita C, tengeneza safu D ya hali:

=IF(C2="","haijulikani",IF(C2<1,"kavu","mvua"))

Kisha E ihesabu, safari hii tukiongeza sharti la tarehe, ili siku ambayo haikuandikwa kabisa nayo ikate mfululizo:

=IF(AND(A3=A2,D3=D2,B3=B2+1),E2+1,1)

Ona kwamba nimeanza mstari wa 3. Kwenye E2 andika 1 kwa mkono. Ukianzia E2, Excel itajaribu kujumlisha 1 kwenye neno "Tarehe" lililoko kichwani na kukurudishia #VALUE!, kwa kuwa AND hukagua masharti yote hata kama la kwanza limeshakataa. Hakikisha pia tarehe zako ni tarehe kweli, si maneno yanayofanana na tarehe. =ISNUMBER(B3) ikijibu FALSE, irekebishe safu hiyo kwanza.

Na kwenye ripoti usiache kutaja siku ambazo hazikusomwa ni ngapi. Mkulima anayekutegemea ana haki ya kujua.

Swali: Mimi mhazini wa kikundi cha akiba, Ngaramtoni. Hesabu ya wiki mfululizo ambazo mwanachama hajanunua hisa ilikuwa sawa, lakini nilipopanga jedwali upya kwa kiasi cha fedha, namba zikavurugika zote.

Jibu: Fomula inatazama mstari ulio juu yake, na wewe umebadilisha majirani. Rudisha mpangilio wa mwanachama na tarehe, namba zitarudi. Kabla ya kupanga vingine, nakili safu ya hesabu na uibandike hapo hapo kwa Paste Special, Values. Kuchuja hakuna madhara, kwani mistari inafichwa tu.

Swali: Ni mwanafunzi wa chuo, Arusha, natumia pandas (maktaba ya Python ya kuchakata majedwali) kwa data za magari ya watalii: gari, tarehe, hali (njiani au gereji). Nimeandika groupby(['gari','hali']).cumcount()+1, lakini gari likitoka gereji na kurudi tena, hesabu inaendelea pale ilipoishia. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu umeziweka siku zote za gereji za gari hilo kwenye kundi moja, za mwezi huu na za mwezi uliopita. Kila kipindi kinahitaji namba yake. Ukishapanga kwa gari na tarehe:

mpya = (df['gari'] != df['gari'].shift()) | (df['hali'] != df['hali'].shift())
df['kipindi'] = mpya.cumsum()
df['mfululizo'] = df.groupby('kipindi').cumcount() + 1

Palipo na badiliko, mpya ni True, na cumsum huihesabu True kuwa 1. Kwa hiyo namba ya kipindi hupanda kila hali au gari linapobadilika, na hubaki ile ile katikati. Hali ikiwa tupu, yaani NaN, kila mstari unakuwa kipindi chake, kwa sababu NaN hailingani hata na NaN mwenzake. Pandas pia hutofautisha "Gereji" na "gereji", wakati alama ya = ya Excel haitofautishi. Nafasi iliyoachwa mwisho wa neno huwachanganya wote wawili, kwa hiyo pitisha str.strip() kwanza, au TRIM ukiwa Excel.

Kwa wanaotumia R, rleid ya kifurushi cha data.table inatoa namba hiyo ya kipindi moja kwa moja. Kwenye SQL tumia LAG, inayoleta thamani ya mstari uliotangulia, na MySQL iwe 8.0 au zaidi.

Swali: Majengo, Moshi. Fomula zenye koma kompyuta yangu inazikataa kabisa.

Jibu: Mipangilio yake ya eneo inatumia nukta mkato. Badilisha kila koma ndani ya fomula iwe nukta mkato (;), na itakubali.