Vua pete kabla hujafungua boksi la betri

Nina kovu linalozunguka kidole cha pete. Nililipata alfajiri moja karibu na Muhoroni, nikikaza terminali ya betri kwenye mashine ya kushindilia kokoto za reli. Spana ilikuwa juu ya terminali chanya, pete yangu ya ndoa ikagusa spana upande mmoja na bodi ya mashine upande wa pili. Ikawaka nyekundu kabla sijavuta mkono.

Wengi wetu tunaogopa volti 240 za jenereta na kuzidharau volti 24 za mashine. Ni kweli volti 24 hazikurushi, ngozi kavu inazizuia. Lakini betri inayozungusha stata ya injini kubwa hutoa mamia ya ampea, na shoti ikitokea, zote hupita kwenye kipande hicho kimoja cha chuma. Halafu kebo nene ya stata mara nyingi haina fyuzi. Hakuna cha kuikatiza.

Kwa hiyo mimi hukagua injini ikiwa imezimwa, swichi kuu ya betri imezimwa na ufunguo wake uko mfukoni mwangu, si mwa opereta. Pete na saa navua. Kufungua betri naanza na hasi, kufunga namalizia na hasi, maana hasi ikishatoka, spana hata ikigusa bodi haileti shoti. Mfuniko wa boksi nauacha wazi kidogo kwanza: betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua.

Baada ya hapo nafuata kebo ya stata kwa vidole, mwanzo hadi mwisho. Macho peke yake hudanganya, kwa sababu vumbi na grisi huficha mchubuko. Kaza mkono pale kebo inapopenya tundu la chuma. Mashine hii kazi yake ni kutetemeka, na ukingo wa tundu hula ganda kidogo kidogo. Ukiilaza mashine usiku huku kwenye mashamba ya miwa, tazama na meno ya panya. Kebo iliyochubuka naibadilisha, na tundu nalivisha mpira. Tepu hapo naikataa kabisa.

Jenereta haina mengi. Kila asubuhi bonyeza kitufe cha kujaribu kile kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja. Kisipokata, hakuna grainda itakayochomekwa siku hiyo, hasa kule Londiani ambako kokoto hukaa zimelowa.

Utaambiwa treni inakuja, washa twende. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na najua presha yake. Wiki iliyopita kijana wetu mpya alikataa kuwasha kwa sababu alikuta shaba imetokeza chini ya kiti cha opereta, upana wa ukucha. Tulichelewa saa moja na nusu. Kipande hicho cha kebo nimekitundika kwenye mlango wa behewa la vifaa, mahali ambapo kila anayechukua spana lazima akione.