Re: Kipimajoto cha bunduki kinasoma 36 na maji yanatokota

Mkuu, umesema upo Kirumba, Mwanza, sufuria yako ya aluminiamu inatokota lakini kipimajoto ukikielekeza ubavuni kinasoma nyuzi 36. Kifaa ni kizima, usikirudishe dukani. Kipimajoto cha bunduki husoma mionzi ya joto inayotoka kwenye kitu, na metali inayong'aa hutoa mionzi hiyo kidogo sana. Aluminiamu iliyosuguliwa ina emisiviti (kipimo cha uwezo wa kutoa mionzi, kuanzia 0 hadi 1) kama 0.05, na vifaa vingi vya bei rahisi vimewekwa 0.95 moja kwa moja. Unachosoma hapo kwa sehemu kubwa ni kuta na wewe mwenyewe, vimeakisiwa kama kwenye kioo.

Mwanafizikia Kirchhoff alilionyesha mwaka 1859: kinachofyonza mionzi vizuri ndicho kinachoitoa vizuri. Ndiyo maana upande wenye masizi utasoma karibu na ukweli.

Jaribu hivi: bandika ubavuni tepu nyeusi ya fundi umeme, chini ya usawa wa maji, mbali na moto, subiri ipate joto, pima juu yake kwa karibu. Usitegemee 100, ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 96 hivi.

Mafuta ya kukaangia sangara ni habari nyingine, tepu itaungua. Tafuta kipimajoto cha kuchovya.