Jibu: Fosforasi ya Mto Sabaki yatoka wapi?

Ndugu uliyeuliza kama fosforasi (kirutubisho cha mimea kilichomo kwenye mbolea na majitaka) ya Sabaki ni mbolea ya wakulima wa Lango Baya, huku chini karibu na Malindi, au ni uchafu wa Nairobi, huko juu mto unakoitwa Athi: nimechota sampuli mto huu kiangazi na masika, na jibu langu ni kwamba yategemea umechota lini.

Kiangazi, bila mvua ya kuyaosha, mashamba kwa kawaida hayamwagi mengi mtoni. Ukikuta fosforasi iliyoyeyuka wakati huo, mshukiwa wa kwanza ni kile kinachotiririka mvua inyeshe isinyeshe: majitaka, maji ya kufulia, machinjio. Viboko wa mlango wa mto nao wamo. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanajisaidia majini, kwa hiyo ukichota pale mwisho tu umewachanganya wote.

Masika maji huja mekundu hadi bahari ya Malindi inageuka rangi, na fosforasi nyingi huja imeng'ang'ania udongo. Kuchuja hapo ni kibarua. Karatasi ya matundu ya mikromita 0.45 (chini ya elfu moja ya milimita) inaziba hujafikisha hata nusu kikombe, bomba la sindano linagoma mkononi. Vumilia. Pima yaliyochujwa, kisha pima yasiyochujwa. Tofauti yake ndiyo iliyo kwenye tope. Na tope hilo limemomonyoka Machakos, Makueni na kote Athi unakopita. Kumbebesha lawama zote mkulima wa nyanya wa Lango Baya ni uonevu.

Tena usilinganishe miligramu tupu, zidisha kwa wingi wa maji. Tuseme kiangazi ni miligramu 0.5 kwa lita na mto unapitisha lita 10,000 kwa sekunde: kilo 432 kwa siku. Mafuriko ni 0.3 tu, lakini lita ni 500,000: karibu kilo 13,000. Kwa hesabu kama hiyo, mtambo wa majitaka utasafisha mto wa kiangazi, ila bahari ya masika haitauhisi. Hiyo yataka matuta na miti huko Ukambani.

Mchango wa Lango Baya utaujua ukichota juu ya mashamba na chini yake, siku ile ile. Chupa usioshe kwa sabuni, sabuni nyingine zina fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Na maabara waulize wameandika fosforasi au fosfeti. Fosfeti igawe kwa 3.07 upate fosforasi. Nimeona watu wazima wakigombana kikaoni juu ya karatasi mbili zinazosema kitu kimoja.